Namna ya Kuwa Bingwa wa Bobsledi Ujerumani Bila Kuiona Njia

Kwanza kabisa, usianze na bobsledi. Anza na mchezo mwingine, utoke jasho miaka kadhaa, kisha ukubali kwamba medali za huko zina wenyewe. Mariama Jamanka, binti wa Berlin ambaye baba yake ni Mgambia, alikuwa akirusha tufe la chuma lenye waya liitwalo nyundo. Haikumfikisha Olimpiki. Mwaka 2013 akahamia kwenye barafu, na nguvu zile zile zikapata mnunuzi.

Ukifika, utapewa nafasi ya nyuma. Usiulize kiti kiko wapi. Vaa viatu vyenye visindano vidogo chungu nzima kwenye soli, shika vishikio, sukuma kigari cha zaidi ya kilo 160 kwa sekunde tano hivi kana kwamba unadaiwa, halafu ruka ndani kikiwa kimeshika kasi. Kunja mgongo, ficha kichwa. Dakika nzima inayofuata utakuwa ukitazama magoti yako kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 120 kwa saa, na kona utazitambua kwa mbavu. Breki ni yako, lakini usiiguse mpaka mvuke mstari. Chini huko kamera zitamkimbilia dereva. Wewe tabasamu, uko kazini.

Kuhusu riziki, ingia jeshini. Bundeswehr huajiri wanamichezo, na Jamanka mwenyewe alikuwa mmoja wao. Ni askari wachache duniani ambao adui yao ni sehemu ya mia ya sekunde.

Adui wa pili, Mjerumani mwenzako, analala chumba cha jirani, hotelini humo humo. Ujerumani ina njia za Altenberg na Winterberg, na ilikuwa na ya Königssee pia, hadi ilipoharibiwa na mafuriko mwaka 2021, hivyo madereva hawakosekani. Kwenye Olimpiki ya PyeongChang, 2018, msukumaji hodari Annika Drazek, aliyewahi kumsukuma Jamanka, aliwekwa kwenye kigari cha Stephanie Schneider. Jamanka, aliyekwisha kuwa dereva, akapewa Lisa Buckwitz. Jamanka hakuwa ameshinda hata shindano moja la Kombe la Dunia, kwa hiyo wataalamu walikuwa na sababu nzuri za kukosea. Baada ya mizunguko minne, dhahabu ilikuwa yake na Buckwitz, kwa sekunde 0.07 mbele ya Wamarekani. Schneider na Drazek wakawa wa nne. Mwaka uliofuata Drazek akarudi nyuma ya Jamanka, wakawa mabingwa wa dunia kule Whistler. Kinyongo, kama kilikuwepo, hakikuongeza uzito.

Ukiwa mvivu, fuata njia ya Alexandra Burghardt: kimbia Olimpiki ya Tokyo kiangazi cha 2021, kisha Februari 2022 uwe Beijing ukimsukuma Jamanka hadi kwenye fedha. Dhahabu ilichukuliwa na Wajerumani wengine, Laura Nolte na Deborah Levi. Jamanka akastaafu mwaka huo huo, jambo la busara kwa mtu aliyeona foleni iliyokuwa nyuma yake.

Buckwitz yeye alichoka kutazama magoti, akahamia usukani. Nawe ukichoka, kuna monobobi, iliyoingia Olimpiki mwaka 2022: unasukuma mwenyewe, unaendesha mwenyewe, unafunga breki mwenyewe, na ukishindwa, mkutano wa kutafuta mchawi unafanyika ndani ya kofia moja.