Kwa Mheshimiwa Anayehusika, Mahali Popote Alipo

Kwa Mheshimiwa Anayehusika,
Idara ya Nguzo za Kuchajia Magari,
Mahali Popote Alipo.

MINT: GARI LIMEFIKA, CHAJA IPO, CHAJI HAKUNA

Mheshimiwa anaombwa radhi kwa anwani hiyo. Haikuandikwa kwa utovu wa adabu. Mwenye gari la umeme akisimama jijini Nairobi mbele ya chaja iliyokufa, hupiga nambari iliyobandikwa kwenye nguzo na kuambiwa kwamba tatizo ni stima. Wa stima humjibu kwamba stima ipo, kwani taa za jumba la maduka hazioni? Wasimamizi wa jumba husema wao wamekodisha nafasi ya kuegesha tu, ya ndani ya nguzo hawayajui. Programu ya simu haijibu mtu, ila ramani yake inaendelea kuonyesha kitone cha kijani: chaja inapatikana, karibu. Gari nalo, likiulizwa, huandika kwenye dashibodi kwamba kosa ni la chaja. Baada ya kuzungushwa hivyo ndipo mtu hubaini kwamba amebaki mmoja tu ambaye hajaulizwa, yule ambaye ofisi zote humwandikia barua kila siku na hakuna aliyewahi kupeana naye mkono.

Basi barua hii ni yake.

Jambo la kwanza ni plagi. Magari mengi ya Kenya huingia Mombasa yakiwa mitumba ya Japani, na kanuni inataka yasiwe yamezidi umri wa miaka minane. Kati ya yale ya umeme yaliyotangulia kufika ni Nissan Leaf. Leaf lililotengenezewa Wajapani lina matundu mawili puani: dogo la kuchaji polepole, na kubwa la kuchaji haraka kwa mfumo uitwao CHAdeMO. Magari yaliyoundwa kwa soko la China yana mfumo wake, GB/T. Yaliyoundwa kwa soko la Ulaya hutumia CCS2. Mifumo hiyo mitatu haiingiliani, na mwenye kebo ya mmoja mbele ya tundu la mwingine ni sawa na mtu aliyerudi nyumbani na ufunguo wa jirani. Kwenye ramani, lakini, zote ni kitone kimoja cha kijani.

Wajapani walilichagua jina CHAdeMO kwa makusudi. Linafanana na maneno ya lugha yao ya kumkaribisha mtu chai, kwamba gari likichaji, mwenyewe apate kikombe. Mheshimiwa asishtuke kukuta neno chai katika barua rasmi. Ni ile ya majani.

Ila aliyekosea plagi atahitaji zaidi ya kikombe. Leaf lenye betri ya yuniti 40, likichomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani kwa waya unaovuta ampea 10, huchukua zaidi ya saa 17 kujaa kutoka sifuri. Hizo si saa za chai. Ni saa za kuhamia, kufua na kuanika.

Plagi ikilingana, huanza ibada. Watu wengi hudhani umeme humwagika mara tu kebo inapoingia, kama maji ya mfereji. Sivyo. Kabla ya chochote kupita, gari na chaja husalimiana kupitia nyaya nyembamba zilizo ndani ya kebo. Chaja hutaja inaweza kutoa umeme kiasi gani, gari hutaja linataka kiasi gani, plagi hujifunga, waya wa ethi hukaguliwa, na kwenye chaji ya haraka hupimwa pia kama kuna mahali umeme unavuja. Salamu ikikatika katikati, mlango haufunguliwi. Skrini huandika “hitilafu ya mawasiliano”, maneno ambayo yangefaa pia kwenye faili nyingi za talaka, na ambayo humsaidia dereva kiasi kile kile.

Hapo ndipo madereva hufundishana wenyewe kwa wenyewe. Inua mpini wa kebo kwa mkono na uushike, maana ni mzito, huivuta plagi chini na pini zisigusane sawasawa. Funga milango, fungua tena. Zima gari kabisa, ngoja, liwashe. Angalia kama kipima saa cha gari kimewekwa, kwa sababu Leaf lililopangiwa kuchaji saa sita usiku, likichomekwa kwenye tundu dogo, litakaa kimya mchana kutwa hata chaja ikiwa nzima kama yai. Toa kebo, hesabu mpaka thelathini, rudisha. Na kabla ya kukata tamaa na kuita lori la kuvuta magari, tazama kitufe chekundu.

Kitufe chekundu ni cha dharura. Kimewekwa pembeni mwa nguzo, ni kikubwa na chenye mng'aro, kwenye kimo cha mtoto wa darasa la pili. Mtoto akikibonyeza Jumamosi wakati mamake anatafuta tikiti ya kuegesha, chaja hulala usingizi mzito mpaka atokee mtu anayejua kwamba kitufe cha namna hiyo kwa kawaida hakivutwi wala hakibonyezwi mara ya pili, bali huzungushwa kidogo kikaruka nje.

Mtu huyo ni mlinzi. Mheshimiwa anajulishwa kwamba idara yake, bila yeye kujua, inaendeshwa na soja wa zamu. Ndiye anayejua ni mpini upi kati ya miwili unaofanya kazi. Ndiye humwambia mgeni kwamba chaja hii hugawana, magari mawili yakichomekwa pamoja kila moja hupata nusu. Ndiye anayekumbuka kwamba hapa hulipwa kwanza ndipo kebo ichomekwe, na kule ng'ambo ni kinyume chake. Chini kwenye orofa ya kuegesha mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo humsindikiza mteja hadi kwenye mwanga wa lango, ujumbe wa M-Pesa uingie, kisha wote wawili hurudi mbio kabla muda wa chaja haujaisha. Kazi aliyoajiriwa ni kuinua kizuizi na kukagua buti. Ofisi inaombwa impe cheo, au angalau makoti mawili ya mvua.

Haki itendeke hata kwa chaja: si kila kosa ni lake. Betri ya Leaf la kizazi cha pili, kama ya lile lililotangulia, haina mfumo wa kimiminika wa kuipoza. Aliyetoka Mombasa asubuhi, akachaji haraka njiani, akaendelea kupanda kuja bara kwa kasi, atafika chaja ya pili betri ikiwa imepata moto, na gari lenyewe litapunguza kasi ya kupokea umeme ili lijilinde. Dereva ataona tarakimu zinasota, atateremka na kuipiga nguzo teke. Nguzo haina kosa. Vivyo hivyo baada ya asilimia 80: betri zote hupunguza kasi, na anayeng'ang'ania kufika 100 huku watu wawili wamepanga foleni nyuma yake anastahili kuandikiwa barua yake peke yake.

Mheshimiwa asidhani haya ni ya nchi maskini. Mwaka 2023, Waziri wa Nishati wa Marekani, Jennifer Granholm, alifunga safari ya siku nne kutoka Charlotte hadi Memphis kuyanadi magari ya umeme. Huko Grovetown, karibu na Augusta katika jimbo la Georgia, chaja moja ilikuwa mbovu na nyingine zina watu. Wasaidizi wake waliotangulia wakaona njia rahisi: wakaegesha gari la petroli mbele ya chaja ili waziri akija akute nafasi. Siku ilikuwa ya joto, na palikuwa na familia yenye mtoto mchanga ikingoja kuchaji. Familia hiyo ikapiga simu polisi. Kosa la kisheria halikupatikana, kwani huko kuegesha la petroli mbele ya chaja hakukuwa hatia. Nairobi, ambako gari la petroli huegeshwa kwenye chaja kwa sababu tu hapo pana kivuli, kisa hicho kinasikika kama cha nyumbani. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayemtazamia waziri kwenye foleni.

Mwaka 2022 watafiti walizunguka vituo 181 vya chaji ya haraka katika eneo la San Francisco, wakajaribu plagi 657 moja baada ya nyingine. Kipimo chao kilikuwa cha mtu wa kawaida: chomeka, lipa, uone kama chaji itaendelea kwa dakika mbili. Zilizofaulu zilikuwa asilimia 72.5. Wenye mitandao ya chaja walikuwa wakitangaza kwamba chaja zao ziko kazini kwa asilimia 95 hadi 98. Huenda hakuna aliyekusudia uongo. Nguzo yenye skrini inayowaka na mtandao unaojibu huhesabiwa kuwa hai, hata kama kisoma kadi kimekufa na mpini umepasuka. Ni hesabu ya mwalimu aliyeita majina kupitia dirishani, akaitikiwa, na kuandika kwamba darasa zima limeelewa. Halafu kuna asilimia 4.9 ambazo hazikuwa na ubovu wowote: kebo ilikuwa fupi, haikufika kwenye tundu la gari.

Waingereza waliamua kuliandika jambo hilo kwenye sheria. Chini ya kanuni zao za mwaka 2023, kila mtandao wa chaja za haraka unatakiwa kufikia wastani wa asilimia 99 kwa mwaka. Yaani chaja moja, kwa wastani, isizidi kama siku tatu na nusu za kulala. Namba ya simu ya msaada iwe ya bure na ipokelewe saa 24. Chaja za haraka zikubali kadi ya benki ya kugusisha, mtu asilazimike kupakua programu kumi na mbili. Anayekiuka anaweza kutozwa hadi pauni 10,000 kwa kila chaja. Hakuna lolote hapo linalohitaji roketi. Kinachohitajika ni mtu mwenye jina, na jina hilo liwe kwenye karatasi.

Sasa suala la usiku. Mwaka 2023 Kenya ilipata bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa yuniti wakati wa kawaida na shilingi 8 wakati matumizi yameshuka, kabla ya kodi na tozo. Siku za kazi, wakati huo wa nafuu uliwekwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Mantiki yake ni safi. Wakenya wakilala, mitambo ya umeme wa jotoardhi ya Olkaria huwa na mvuke mwingi kuliko wateja, na sehemu yake huachwa iende angani. Bora mvuke huo uingie kwenye betri. Lakini chaja ya umma iliyo ndani ya jumba la maduka hulala na jumba lake. Saa nne na robo usiku, Olkaria inapuliza mvuke, mita inasema shilingi 8, na dereva mwenye asilimia sita amesimama nje ya lango lililofungwa, akiitazama chaja kupitia vyuma kama mtu aliyekuja kumwona mfungwa.

Na yapo majibu ambayo mtu hana budi kuyakubali. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Usiku huo yeyote aliyesema “tatizo ni stima” alisema kweli.

Wanaotafuta riziki kwa umeme wameacha kungoja. Mabasi ya BasiGo huchaji kwenye vituo vya kampuni yenyewe. Waendesha boda wa umeme hubadilisha betri, huacha iliyokwisha na kuchukua iliyojaa, dakika chache tu. Wamejitenga na chaja ya umma kama watu wenye kisima wanavyoacha kusikiliza matangazo ya mgao wa maji. Aliyebaki ni mwenye gari moja, aliyeaminishwa kwamba kitone cha kijani ni ahadi.

Maombi ni machache. Ramani ionyeshe aina ya plagi kwa picha. Kitone kiwe cha kijani pale tu gari lilipochaji hapo ndani ya siku hiyo, na saa ya mwisho iandikwe, kama mwuza maziwa anavyoulizwa haya ni ya asubuhi au ya jana. Ripoti za mwaka, zile zenye picha za utepe ukikatwa, ziache kutaja nguzo ngapi zimesimamishwa na zitaje yuniti ngapi zimeingia kwenye betri za watu. Na penye nguzo kumi, angalau moja iwe mahali pasipofungwa usiku.

Kwa kuwa anwani ya Mheshimiwa haikupatikana, barua hii imebandikwa kwenye nguzo yenyewe, juu ya skrini iliyozimika, mahali ambapo haitamziba mtu asisome chochote.

Nakala: Soja wa zamu ya usiku, lango la pili. Ameshaipokea na kutia sahihi.