Laptopu Ilipona, Bei Ikaugua

Watu wanaotengeneza video za kufundisha kubadilisha diski ya laptopu wote wana meza safi. Bisibisi za kila saizi zimepangwa, taa haizimiki, na kufikia dakika ya nane skrubu ya mwisho imeshakazwa. Hakuna anayekuambia kwamba nyuma ya kamera upo mji mzima unaomfanyia kazi: duka la vipuri mtaa wa pili, umeme ukutani, mtu wa kumletea mzigo mlangoni. Hapa Garbatulla mji huo wa nyuma ya kamera unauunda mwenyewe kwa watu ulio nao, na kila mmoja wao ana maoni.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba, ilitoka Uingereza. Ukibonyeza Shift na namba 3 inakupa alama ya pauni, pesa ambayo sokoni kwetu haijapata kununua hata kwato ya mbuzi. Pamoja na ugeni huo, imeajiriwa kazi ya umma: barua za kuomba basari, maombi ya vyuo, wasifu wa kila kijana anayetafuta kazi kaunti, na ile taarifa ya kodi ya mtu asiye na mapato. Taarifa hiyo mwenye PIN ya KRA lazima aiwasilishe kabla Juni 30 haijapita, la sivyo faini ni shilingi 2,000. Mtu kutozwa shilingi 2,000 kwa kuchelewa kusema kwamba hana kitu ni mjadala ambao wazee wetu wameufungua zamani na hawana haraka ya kuufunga.

Ugonjwa wa laptopu ulikuwa diski. Laptopu nyingi za bei ya chini za miaka ya nyuma zina sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na juu yake mkono mwembamba unaokimbia huku na huko kutafuta faili. Mara 90 zinasikika nyingi mpaka siku unapowasha Windows ya kisasa, ambayo inataka vitu mia kwa mpigo na kila kimoja kimelala upande wake wa sahani. Mtu aliweza kubonyeza kitufe, akaenda kuswali Alasiri bila kuharakisha rakaa hata moja, akarudi akakuta kiduara kingali kinazunguka. Wateja walikuwa wameshazoea. Mama wa chai aliweka benchi lake mlangoni kwangu kwa sababu hiyo hiyo, na sijui kama kuna biashara mjini iliyochaguliwa mahali kwa akili zaidi.

Basi niliagiza diski mpya ya aina ya SSD, ya GB 240, kutoka Nairobi. Muuzaji aliuliza kwenye simu, "Unataka ya bapa ya inchi mbili na nusu ama ile ya kijiti?" Ni swali la kushukuriwa, kwa maana ile ya kijiti haiingii kwenye nafasi ya bapa hata uisomee dua. Tena ziko laptopu zisizohitaji swali lolote: kijana jirani yangu aliifungua yake mpya ya GB 64 ili naye abadilishe, akakuta hifadhi yenyewe ni chipu iliyochomelewa kwenye madabodi. Hakuna cha kuchomoa. Aliifunga tena kimyakimya, na tangu siku ile anaisifu kwa wepesi wa kubeba.

Kifurushi kikafika Isiolo kwa basi, akapewa dereva wa Probox. Magari ya njia yetu hupandisha maziwa ya ngamia asubuhi, kisha jioni hurudi na kila kitu: nyanya, betri, dawa za mifugo, wageni wa harusi. Dereva alikitia chini ya kiti, akapakia miraa juu yake, akakisahau. Diski yangu ikapita Garbatulla bila kusalimia, ikaenda kulala Modogashe. Aliponiletea kesho yake alijitetea, "Mwalimu, imetembea tu, haijashuka gari." Sikuwa na wasiwasi. Ndani ya SSD hamna sahani wala mkono wala chochote kinachozunguka. Ni chipu tupu, na barabara iliyolegeza nati za Probox yenyewe haikuwa na cha kulegeza mle.

Mzee mmoja, mteja wangu wa kudumu, aliipima kiganjani. "Pesa yote ile ndiyo hii?" Nikamweleza kwamba diski ya kwanza ya kompyuta, ile ya IBM ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, ilihifadhi herufi milioni 5 tu, na uzito wake ulikaribia tani moja. Akafumba macho akipiga hesabu. "Ngamia watano," akasema. "Na wa sita wa kubeba maji."

Shari ilianza nilipoichomeka kwa kebo ya USB. Kioo kikaandika GB 223. Mzee aliona kabla yangu. "Zile 17 amezinywa nani?" Hakuna aliyezinywa. Viwanda vya diski huhesabu kwa elfu, yaani kilobaiti moja ni baiti 1,000. Windows huhesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo ndogo ikizidishwa mpaka kufika kwenye GB inazaa pengo lile. Nilifafanua kwa makini. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hukumu: "Kwa hiyo anayeuza ana hesabu yake na anayenunua ana hesabu yake. Huo ni ujanja wa soko la mifugo, tunaujua. Ungeniita nikapatana kwa niaba yako."

Diski ya zamani ilikuwa ya GB 500, mpya ni ya 240, na programu ya kunakili haibishani: kikubwa hakiingii kwenye kidogo mpaka ukipunguze. Nikaanza kufuta. Ndipo nilipoona nimekalia nini. Mlikuwa na nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, barua za chifu, picha za pasipoti za watu waliokwishahamia ughaibuni, na faili zisizopungua kumi zilizoitwa "wasifu mpya wa mwisho kabisa". Nusu ya Garbatulla ilikuwa inazunguka mle mara 90 kwa sekunde, na hakuna nakala nyingine popote. Filamu za Kihindi zikatolewa kafara, jambo lililozua malalamiko kutoka kwa watu ambao hata sikujua kwamba walikuwa wakizitazama.

Kunakili kunataka umeme usiokatika, na sola yangu ina tabia ya kulala mapema. Betri ya laptopu nayo ni ya mapambo. Jirani mwenye duka ana jenereta ya friji, akakubali kwa sharti moja: soda zikipata joto, nazinunua. Usiku ule nilikaa kati ya mashine mbili, moja ikipoza, nyingine ikinakili, huku mwenye duka akipita kila mara kugusa chupa na kunitazama.

Asubuhi tukafungua laptopu chini ya mgunga, penye mwanga. Nasema "tukafungua" kwa sababu fundi wa simu alikubali kuazima bisibisi, lakini bisibisi yake haitembei bila mkono wake. Tukatoa skrubu zote, kifuniko kikakataa kutoka. Fundi akakivuta huku, akakivuta kule. Mzee wa ngamia watano, mswaki mdomoni, akasema, "Mvueni viatu." Kweli: chini ya vile vipira vinne vya miguuni mlikuwa na skrubu nyingine. Tukapenyeza kadi ya benki iliyokwisha muda kwenye mshono, na vile vishikizo vya plastiki vilipoanza kuachia, ta! ta!, waliokuwa wamesimama wakasema kwa pamoja, "Innalillahi." Ndani mlikuwa na vumbi la namna mbili: la kijivu, nadhani la Uingereza, na jekundu, hilo halihitaji utambulisho.

Kubadilisha diski kwenyewe hakukuchukua hata muda wa kunywa kikombe. Unaisogeza ya zamani itoke kwenye soketi yake, unaihamisha ile fremu ya bati, unaisukuma mpya mpaka ikae. Kilichochukua muda ni skrubu moja ya fremu iliyoruka kutoka kidoleni kwa fundi ikazama mchangani. Watu wakapiga magoti. Mtoto mmoja akakimbia nyumbani akaja na sumaku ya spika ya redio, akaiburuta mchangani kwa uzi. Ikatoka na ndevu za mchanga mweusi wenye chuma, pini ya nywele, sindano kuukuu ya chanjo ya mbuzi, na skrubu mbili. Moja ilikuwa yetu. Ya pili mpaka leo hakuna laptopu iliyoidai.

Tukawasha. Kioo cheusi, na mstari mweupe wa kusema hakuna diski ya kuanzia. Watu wakaniangalia kwa huruma ya msibani. Kumbe laptopu ilikuwa inaitafuta ile ya zamani. Nikaingia kwenye mipangilio ya BIOS, nikaiweka mpya mbele ya foleni, nikawasha tena. Kabla mama wa chai hajamaliza kumimina kikombe cha kwanza, ukurasa ulikuwa wazi.

Nilitarajia makofi. Badala yake pakawa na mashaka. "Imemaliza?" mmoja akauliza. "Haijaruka kitu?" Mama wa chai alitazama birika lake lililojaa, kisha akanitazama mimi, na katika macho yale niliisoma hasara ya mwezi mzima.

Hasara yangu ilifuata wiki ile ile. Kijana akaja na fomu ya basari, nikaijaza, nikaichapisha, nikamwambia shilingi 100 kama zamani. Akacheka. "Mwalimu, zamani ulikuwa unateseka nusu saa. Sasa umegusa mara mbili tu, unataka mia?" Wa pili akasema hivyo hivyo. Mzee akatoa 50 akaniambia nishukuru. Ndipo nilipoelewa kwamba Garbatulla haikuwahi kunilipa kwa fomu. Ilikuwa inanilipa kwa jasho, na jasho lenyewe nimelitoa nje ya mashine kwa pesa zangu.

Basi siku hizi mteja akiingia, laptopu naiacha imefungwa. Naanza na habari za nyumbani, kisha malisho, kisha maji, kisha ngamia mmoja mmoja na afya yake. Mama wa chai analeta vikombe. Mazungumzo yakishakolea naifungua, nakunja uso, napangusa paji la uso, nasema, "Leo inasumbua kidogo." Mia yangu inatoka bila ubishi.