Klachi ya Mjomba

Mjomba wangu ana imani moja ambayo hakuna shehe wala mchungaji aliyewahi kuitikisa: kitu kisichotumika hakichakai. Ndiyo maana redio yake bado imevaa nailoni ya dukani, vikombe vya kabatini vinamsubiri mgeni ambaye pengine hajazaliwa, na pikipiki yake ya cc 125 ililala stoo tangu alipostaafu ubwana shamba hapo Lushoto. Aliifunika kanga mbili. Kila Ijumaa aliifuta tenki, na bodaboda iliyochoka ikipita barabarani alitikisa kichwa kwa huruma.

Lakini Lushoto ni milimani. Ukungu huingia mpaka uvunguni bila kupiga hodi, na chuma kisichozunguka kwenye hewa ile hakipumziki, kinaliwa polepole. Mtu aliyetumia utumishi wake wote kuwaonya wakulima juu ya unyevu hakuona kwamba onyo hilo linaihusu na stoo yake.

Siku aliponiruhusu niende nayo Soni, tulitia petroli mpya, tukasugua plagi, nikapiga kiki. Injini ikaitika. Watoto wakashangilia, mjomba akanitazama kwa lile jicho la "si nilikwambia?" Nikabana klachi, nikakanyaga giya ya kwanza.

Pikipiki ikaruka nami mgongoni, ikavuka uwanja, ikaingia kwenye kabichi za mkazamjomba na kuzimika juu ya ile kubwa kuliko zote.

"Umeachia klachi mapema," akasema mjomba.

Nikamwonyesha mkono. Vidole vilikuwa bado vimeubana ule mkono wa klachi hadi mwisho, na kuvibandua ilikuwa kazi nyingine.

Pikipiki mbovu huita mafundi bila kupigiwa simu. Jirani wa kwanza alisema kabureta. Wa pili, ambaye anashona suti, alisema plagi, ingawa injini ilikuwa imewaka mbele ya macho yake. Mzee mmoja akataka kujua kadi ina jina la nani. Mkazamjomba peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana: kabichi analipa nani?

Akatokea kijana wa bodaboda, muwa mdomoni. "Shikamoo mzee." Akautikisa mkono wa klachi kwa kidole kimoja. Ncha yake inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Waya ukilegea zaidi ya hapo, klachi haiachii vizuri. Ilicheza sawasawa. "Waya mzima," akasema, akatema kapi la muwa. "Pleti zimegandana."

Ndani ya kava la injini, pleti za klachi hupangwa kwa zamu, moja yenye vipande vya kukamatia, inayofuata chuma kitupu, zote zikiogelea kwenye oili na kubanwa na springi. Ukivuta mkono, unaondoa tu mbano wa springi. Pleti zenyewe ndizo zinazotakiwa kuachana. Zikikaa muda mrefu, oili hukamuka katikati yao, inayobaki inageuka ulimbo, unyevu unaleta kutu, na zinashikana kama chapati za jana kwenye hotipoti. Hapo unaweza kubana mkono mpaka Idi.

Tulianza kwa upole. Tuliufunga mkono kwenye usukani kwa kipande cha tyubu, ukalala hivyo usiku kucha ili oili ipate upenyo. Asubuhi tukaweka giya ya juu, klachi bado imefungwa, tukaisukuma mbele na nyuma kwa vishindo. Wapi! Injini ndogo ikikubali kuzunguka pamoja na gurudumu, pleti hazina sababu ya kutengana. Lazima upande mmoja ulazimishwe kwenda na mwingine ulazimishwe kusimama.

Kwa hiyo tukaiwasha, tukaiacha ipate moto ili oili iwe nyepesi, kisha ikasukumwa mteremkoni ikiwa nyutro, mimi juu. Ilipochukua kasi nikabana klachi, nikatia giya ya pili, nikawa nafungua na kufunga moto huku nakanyaga breki ya nyuma. Pikipiki ikatikisika mpaka meno yakagongana. Mara "ka!" chini ya mguu wa kulia, na injini ikanguruma peke yake, imeachana na gurudumu.

Nilishangilia kabla ya kukumbuka kwamba breki nazo zilitunzwa stoo. Zilikuwa zinapunguza mwendo kwa hiari yao. Mbele yangu akina mama wamebeba matenga ya plamzi kuelekea sokoni, nami nateremka huku napiga kelele badala ya honi, maana betri ilishakufa. Nikafunga moto, nikaachia klachi. Ikashika palepale, injini ikalivuta gurudumu, nikasimama pembeni ya tenga la mwisho. Mwenyewe alinitazama, akanipa pole, akaniuliza kama nanunua.

Mjomba alitaka kumwaga oili ya zamani na kutia ya gari aliyokuwa nayo kwenye dumu. Kijana akamzuia: oili nyingi za magari zina dawa za kulainisha zinazofanya klachi ya namna hii iteleze, atafute chupa yenye alama ya JASO MA. Kisha akataja malipo yake.

"Malipo ya nini?" mjomba akang'aka. "Hujashika hata spana!"

"Mzee, ningeshika spana ungelipia na gasketi."