Sifa za Kishona Nguo

Fundi mwaminifu kuliko wote hapa Kinyamaseke hana cherehani wala kibanda sokoni. Haombi kianzio, haambii mtu arudi Jumanne, na Krismasi ikikaribia hazimi simu. Unapita kwake hatua tatu tu, na ukitokea upande wa pili suruali imeshashonwa kutoka ugokoni hadi gotini. Anaitwa kishona nguo. Waganda humwita ssere, Wanyankole enyabarashana, na mke wangu humwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Pamba ya tambarare yetu inapata taabu kubwa kabla ya kuwa nguo. Ivunwe, ichambuliwe, ipakiwe kwenye lori, ikasokotwe na kufumwa nchi za watu, ndipo mtu aione tena kwenye fungu la mitumba. Kishona nguo hana safari hizo. Yeye anashonea mwilini.

Wanaomsema vibaya wanasema ni gugu, anamaliza maharage. Ni kweli, anayamaliza. Lakini tazameni adabu yake. Tembo akitoka hifadhi ya Queen Elizabeth akang'oa mihogo ya mtu mmoja, wilaya yote inasimama: mitaro inachimbwa, nyaya za umeme zinavutwa, waheshimiwa wanakuja na maturubai na viti vya plastiki. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1952 na ugomvi haujaisha. Kishona nguo amekula shamba langu misimu yote miwili ya mvua, mwaka hadi mwaka, na hata mwenyekiti wetu wa kijiji, LC1, hajawahi kupita kumtazama. Mlaji asiyependa makuu namna hiyo utampata wapi?

Hata umbo lake lina heshima. Chukua mbegu yake moja uiweke kiganjani. Ni nyeusi, nyembamba kama ncha ya sindano iliyovunjika, ndefu kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kichwani ina meno mawili, mara nyingine matatu, na kila jino lina vimiba vinavyotazama nyuma kama ndoano ya mvuvi wa Katwe. Kuingia kwenye soksi ni kwa hiari yake, kutoka ni kwa dua zako. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeandikisha mimea kama karani wa sensa, alimpa jina la Bidens pilosa mwaka 1753, yaani mwenye meno mawili na vinyweleo. Kwao ni Amerika ya kitropiki. Alivuka bahari akiwa ameng'ang'ania mizigo na nguo za watu, bila pasi na bila nauli, na leo ana ukoo mkubwa hapa kuliko wangu. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu elfu tatu na zaidi.

Wazungu walikuja kushtuka baadaye sana. Mswisi mmoja, George de Mestral, alirudi matembezini mwaka 1941 akiwa na mbwa wake aliyejaa mbegu za mmea wa kwao wenye tabia hizo hizo. Akazitazama kwa hadubini, na mwisho wake ni vile vibandiko vya viatu vya watoto vinavyolia krrr. Angezaliwa kwetu Munkunyu, asingehitaji hata mbwa.

Ila sifa yake kuu ni uchaji. Mama yangu ni Msabato. Jua likizama Ijumaa jembe linaegemezwa ukutani, na halishikwi hadi jua la Jumamosi lizame. Mimi na mke wangu ni Waanglikana, kwa hiyo Jumapili jembe linabaki palepale. Kwa hiyo hapa nyumbani kuna mmoja tu anayeheshimu siku zote mbili, naye ni kishona nguo. Ninyi mnapumzika, yeye anarefuka. Mvua ya Machi ikichanganyika na madhehebu mawili, ifikapo Jumatatu asubuhi huoni tena mstari wa maharage.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku kama hiyo. Ijumaa mke wangu alikwenda soko la Mpondwe, akarudi na mawese yaliyotoka ng'ambo ya mpaka, rangi ya jua linalozama. Sombe ya majani ya muhogo ikatwangwa na kupikwa kabla ya saa kumi na mbili, ili Mama asivunje amri. Lakini bundu, ugali wetu, haiwezi kupikwa jana. Bundu ya muhogo ikilala inakuwa kitu cha kujengea. Kwa hiyo mchana mke wangu alisonga, naye Mama, aliyekwisha kurudi kutoka kanisani, akaketi karibu na moto akimwelekeza: ongeza unga, geuza, kandamiza upande huo. Anasema hajapika.

Mimi nilijikata kidole nikimenya mua wa watoto. Mama akainuka, akachuma majani ya kishona nguo, akayasugua viganjani mpaka yakatoa maji ya kijani, akanikamulia kwenye jeraha. Kuponya siku ya Sabato kunaruhusiwa, ameisoma mwenyewe. Damu ikakata. Kuna wanaopika majani yake machanga kama mboga, na kwetu yalijaribiwa mara moja, mwaka sombe ilipokuwa haba. Watoto wanakumbuka. Sitaki kulizungumzia.

Baada ya chakula hakuna aliyeondoka, na hapo ndipo fundi wetu anaposhinda redio na simu kwa pamoja. Mama alikuwa amepitia njia ya mkato, nyuma ya shamba, akiwa amevaa gomesi lake jeupe la kanisani. Upindo wote umeshonwa, mweusi tii. Soksi za watoto zimeshonwa, suruali yangu imeshonwa. Tukakaa mkekani duara, miguu imenyooshwa, kila mtu na vazi lake magotini, tukichomoa moja moja. Kazi hii haina haraka na haina njia ya mkato, kwa hiyo watu huongea. Nilisikia habari za shangazi ambazo sikuzisikia mazishini kwake.

Mama hana subira na mbegu. Anachomoa, anaitupa begani, nyuma yake, pale tulipolima Alhamisi tukaiacha ardhi laini ikisubiri maharage. Chomoa, tupa. Chomoa, tupa. Mwanangu wa darasa la nne, anayehesabu kila kitu hata magari ya kwenda Bwera, alikuwa akimfuatisha kimyakimya. Alipofika hamsini na tatu akageuka kutazama lile tuta.

"Bibi," akaanza, "kumbe leo Sabato ume..."

Mama yake akamtia tonge la bundu mdomoni.