Uainishaji wa Awali wa Simba wa Ukutani, Migori na Homa Bay

Mnyama wa porini ana wataalamu wake. Wa ukutani ameachwa yatima. Tuanze na simba-nasari, akaaye kwenye kuta za shule za chekechea. Hutambulika kwa uso wa binadamu, mara nyingi unaofanana na wa mwalimu mkuu, na tabasamu lisilomfaa mla nyama. Binamu yake, simba-buchari, huchorwa kwenye ukuta wa bucha, kando ya ng'ombe mchangamfu asiyeelekea kujua kinachouzwa humo ndani. Yuko pia twiga-kona, ambaye shingo yake hupinda pale ukuta unapokwisha. Rangi si kigezo: Edward Saidi Tingatinga, alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya baiskeli, na fundi wetu hutumia iliyobaki kwenye lango.

Je, fundi alimwonea wapi simba? Nadharia ya sarafu inajibu vizuri. Tangu Desemba 2018, sarafu ya Kenya ya shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba na ishirini ina ndovu. Kwa shilingi 36 mtu anatembea na mbuga nzima mfukoni bila kulipa kiingilio. Kasoro ya nadharia ni kwamba simba-nasari alikuwepo kabla ya sarafu hizo, lakini nadharia nzuri haiachwi kwa sababu ndogo kama hiyo.

Kiboko ni kundi la pekee. Yule anayechorwa Mbita au Muhuru Bay hatabasamu. Aliyewahi kukimbizwa naye usiku ufukoni habahatishi meno.

Shule kongwe zaidi ya uchoraji huku kwetu iko kisiwani Mfangano, kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone, nayo inatuaibisha. Michoro yake, inayonasibishwa na Watwa, ni miduara myekundu na myeupe. Wawindaji hao, nyama wanaiona kila siku, wakachora miduara! Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni yetu: kadiri simba alivyo mbali, ndivyo anavyozidi ukutani.

Kanuni hiyo inamweleza pia korongo, swala mkubwa mwenye uso wa weusi na weupe na pembe zilizopinda nyuma, kana kwamba alikuja duniani amekwisha kuchorwa. Katika Kenya nzima amebaki katika Mbuga ya Ruma tu, Bonde la Lambwe, Homa Bay kwetu. Kutoka Rongo hadi Sindo sijamwona kwenye ukuta hata mmoja. Wenye shule, Januari mkimwita fundi kupaka upya, mwagizeni korongo. Bei ni ileile.