Kutoka Bosi Hadi Mzigo

Ukitaka kujua ubora wa usafiri wa mahali, usihangaike kukagua matairi. Sikiliza konda anakuitaje. Mimi ni mkazi wa Mazwi, hapa Sumbawanga mjini, na kwa miaka mingi nimeufanya utafiti huu bila kulipwa na mtu yeyote. Matokeo ni haya: heshima ya abiria inategemea idadi ya magari yaliyopanga foleni nyuma ya hilo unalotaka kupanda. Yakiwa kumi, wewe ni mheshimiwa. Likiwa moja, shukuru ukiitwa kwa rangi ya koti lako.

Tuanze mjini, ambako tunaishi kifalme. Bajaji na bodaboda wa Sumbawanga ni wengi kuliko safari zenyewe. Jikune kichwa ukiwa kando ya barabara uone: zitasimama tatu, kila dereva akiapa kwamba ni yeye uliyempungia. "Bosi, twende." "Mkurugenzi, leo wapi?" Sijawahi kuwa mkurugenzi wa kitu chochote, hata nyumbani kwangu cheo changu ni kujulishwa uamuzi ukishapitishwa. Lakini kutoka sokoni hadi mlangoni kwangu nimepandishwa vyeo ambavyo kazini ningevisubiri hadi kustaafu. Ukisema bei ni kubwa, dereva hakasiriki, anacheka: "Mheshimiwa, wewe toa tu unachoona." Ninachoona ni mwenzake aliyesimama nyuma yake akitusikiliza, na yeye anajua kwamba nimemwona.

Alfajiri ya Juni ndiyo yenye mambo. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Ufipa hauna adabu ya kubisha hodi. Bajaji nayo haina milango. Dereva amevaa koti la mtumba lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya watu wengine, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, na juu ya yote hayo shuka. Abiria hujui kama anayekuendesha ni yule uliyepatana naye bei jana usiku au ni mdogo wake. Unamtambua mkifika stendi kuu ya Katumba Azimio, anapofunua mdomo na kutaja bei ambayo si ya jana.

Pale stendi cheo kinashuka ngazi moja. Si bosi tena, ni "kaka", "anko" au "mzee wangu", kutegemea wingi wa mvi. Bado ni ndugu, maana magari ya Tunduma na Mbeya yapo, na wapiga debe wapo zaidi, lakini ni undugu wa kuvutana mikono. "Kaka, Tunduma hiyo, bado wewe tu!" Kosta inanguruma, imejaa, konda ananing'inia mlangoni. Unalipa, unapewa siti pekee iliyobaki, unamshukuru Mungu kwa kukuwahisha. Kisha, mmoja mmoja, abiria wenzako wanaanza kushuka. Kumbe ni wapiga debe waliokalishwa humo ili gari lionekane limejaa. Jirani yangu wa dirishani alikuwa mtu mwema sana. Tulikuwa tumekwisha kuzungumza kwa kina bei ya mahindi na mbolea ya ruzuku, na alikuwa ameniambia kwa uchungu kwamba anakwenda Tunduma kumwona shangazi yake mgonjwa. Ghafla akanipa pole ya safari, akachukua sweta lake, akashuka. Baadaye nilimwona kwenye Kosta ya jirani, dirishani, akimweleza mama mmoja habari za shangazi. Hali yake ilikuwa imezidi kuwa mbaya.

Ukishalipa, undugu nao unakwisha. Unakuwa "abiria", na ukithubutu kuuliza tunaondoka saa ngapi unakuwa "wewe wa nyuma".

Barabara yenyewe sina neno nayo. Lami ya kilomita 223 kati ya Tunduma na hapa ilitokana na mkataba ambao Rais Kikwete na Rais George W. Bush walitia saini Dar es Salaam Februari 2008, fedha zikitoka shirika la Millennium Challenge Corporation la Marekani. Kabla ya hapo, wazee wanasimulia, masika ulipanda basi ukiwa na jembe, na mkulima na msafiri hawakutofautiana zana. Siku hizi mabasi yamefungwa vifaa vya LATRA vya kufuatilia mwendo, dereva akivuka kilomita 80 kwa saa kengele inamlilia. Yote safi. Lami imetufupishia safari; ila gari halianzi safari mpaka lijae, na kwa hilo hakuna mkandarasi aliyewahi kuomba zabuni.

Watanzania wengine hawaelewi kwa nini tunalalamika. Ukiwa Dar es Salaam ukasema umetoka Sumbawanga, mtu wa kwanza atasogeza kiti chake pembeni, wa pili atakuuliza basi la nini na ungo mnao. Nchi nzima inaamini sisi ndio wenye usafiri bora wa anga: hautumii mafuta, haupiti mizani, na unamshusha mtu Kariakoo kabla ugali alioupika nyumbani haujapoa. Laiti ingekuwa kweli. Na hata ingekuwa kweli, mimi namjua konda wa kwetu. Ungo wa mtu mmoja angeupakia wanane, akamngoja wa tisa, na begi lako angesema lilipiwe.

Ukiiacha lami ukaingia vijijini, mwenye nchi ni Noah. Gari hili liliundwa Japani kwa ajili ya baba, mama na watoto wachache wanaokwenda kutazama maua. Huku linabeba ukoo, pamoja na mbuzi wa ukoo. Wenzetu wa Kenya walikuwa na Waziri John Michuki, ambaye mwaka 2004 alizibana matatu za Nairobi kwa sheria kali: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano ubavuni, na abiria wasizidi 14. Marehemu namheshimu, lakini kwenye Noah ya siku ya mnada, 14 ni wale waliokwisha kukaa kabla dereva hajaanza kuita. Humo ndimo unapoanza kuitwa kwa nguo. "Wewe mwenye koti la kijani, bana miguu. Bana tena. Hiyo uliyobana si yako, bana yako."

Siku moja, katikati ya mbano huo, alipanda bibi mmoja wa makamo makubwa, mtu wa heshima zake. Sasa, salamu ya Kifipa haitupwi tu mtu akipita. Unachuchumaa mbele ya mkubwa, unapiga makofi taratibu, mnaulizana habari za nyumbani hadi ziishe. Sote tulitaka kumsalimia bibi ipasavyo. Kuchuchumaa hakukuwa na shida, tulikuwa tumechuchumaa tangu gari lilipoondoka. Yaliyotushinda ni makofi, kwa sababu hakuna aliyejua mikono yake iko wapi. Bibi mwenyewe ndiye aliyetusamehe. Alituambia tutamsalimia atakaposhuka.

Mjomba wangu wa Kirando, kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, anaposikia malalamiko haya ananiona mdekezi. Yeye alikulia kwenye meli ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikashushwa majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 ili isichukuliwe na adui, ikaibuliwa na Waingereza 1924, na 1927 ikarudi kazini. Chombo kilichowahi kulala chini ya ziwa kwa miaka hakiwezi kuwa na haraka ya kukuwahi wewe. Na bandari nyingi hazikuwa na gati. Meli ilisimama kule nje, mkaifuata kwa mitumbwi, mkakwea ubavuni na mabegi, huku wanaoshuka wakigombania mlango uleule mmoja. "Kule kwetu," anasema mjomba, "hakuna konda wa kukuita bosi wala koti la kijani. Unaitwa na honi, na inakuita mara moja."

Lakini yote hayo ni dibaji ya keki.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa anaoa bondeni, mbele kidogo ya Muze. Kamati ya harusi ilikaa bila mimi, ikaamua kwamba keki itengenezwe mjini, iwe ya ngazi tatu, na baba mdogo ataishusha. Anayeijua milima ya Lyamba lya Mfipa anajua hilo neno "ataishusha" limebeba nini. Barabara ya kutoka Ntendo inauacha uwanda wetu wa baridi na kuangukia Bonde la Rukwa, ambalo ziwa lake liko chini yetu kwa takriban mita 1,000, kwa kona ambazo dereva anaweza kujikuta anatazamana na mkia wa gari lake mwenyewe. Unapanda ukiwa na koti na kofia. Unashuka ukitafuta mwembe.

Mabasi madogo ya kushuka yapo. Siku hiyo moja lilikuwa gereji, jingine limekodiwa na harusi nyingine. Ilibaki Fuso. Moja. Konda alinitazama mara moja, akaitazama keki kwa muda mrefu.

"Hicho nini?"

"Keki ya harusi."

"Inalipiwa."

"Nimeshalipa."

"Umelipa wewe. Yeye bado."

Nauli ya keki ilizidi yangu, kwa hoja kwamba mimi naweza kukaa popote. Basi yeye akapewa siti ya mbele, kati ya dereva na mama mmoja mjamzito, kioo kikashushwa asisikie joto. Mimi nilipandishwa nyuma, juu ya mifuko ya saruji. Hata kwenye daftari la utingo, nililolichungulia, niliandikwa chini ya kreti za soda: "mtu wa keki, 1".

Tulipoanza kuteremka, joto lilipanda kutulaki. Watu wakaanza kuvua makoti, na kuvua koti mkiwa mmebanana ni kazi ya ushirika. Nilivutana na mkono wa koti langu kwa muda, jasho likinitoka, mpaka mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Baba, huo nimeuvaa mimi." Kila tukikaribia kona, konda aligonga bodi kwa nguvu na kupaza sauti: "Taratibu, suka, taratibu!" Nilianza kumpenda. Nikasema huyu kijana ana utu, anatujali huku nyuma. Kisha akamalizia: "Bibi harusi yuko mbele huyo!" Mjamzito hakuwa bibi harusi. Bibi harusi ilikuwa keki.

Dereva alijitahidi, simlaumu, ila mteremko ule haujawahi kumheshimu mtu. Tulipofika, ngazi ya juu ilikuwa imehamia upande wa usukani, ya kati imeifuata nusu ya njia, na krimu ya bluu imetiririka yote ikatuama chini kwenye trei. Mashangazi walianza vigelegele kabla boksi halijafunuliwa. Lilipofunuliwa wakavimalizia, lakini kwa sauti ya kuuliza.

Aliyetuokoa ni mshereheshaji, kijana mmoja mwembamba ambaye namwombea ukuu wa mkoa. Aliitazama keki, akaigeuza kidogo, akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba familia ya bwana harusi, kwa mapenzi yake makubwa, imeleta keki yenye umbo la nyumbani kwetu: huku juu Sumbawanga, huu hapa Lyamba lya Mfipa, na hii bluu mnayoiona chini ni Ziwa Rukwa. Turubai zima lilisimama kupiga makofi. Mzee mmoja akanyoosha mkono akitaka kujua kwa nini kijiji chake hakimo. Akaonyeshwa tone la krimu ya kijani karibu na ziwa, akaridhika, akaomba akatiwe hapohapo.

Konda naye alikuwepo. Hakualikwa, ila alijitambulisha mlangoni kuwa ndiye msindikizaji wa keki, akapelekwa meza ya wazazi. Mimi nilikula na wapiga tarumbeta.

Siku ya kurudi mambo yalikuwa mengine. Yalikuwepo magari mawili ya kupanda mjini, Fuso yetu na Haisi iliyotoka gereji, na abiria hatukutosha kulijaza hata moja. Konda aliniona kwa mbali, akaja mbio. "Baba mdogo, shikamoo! Umeamkaje? Wewe unakaa mbele, palepale pa keki." Alinibebea begi. Alifuta siti kwa mkono wa shati lake. Tulipoanza kuupanda mlima, Haisi ikitufuata nyuma nyuma, aliniuliza kama upepo unanitosha, kama samaki wangu wamewekwa vizuri, na kama kule nyumbani mama mdogo hajambo.

Tukiwa katikati ya kona tulisikia mlio mkubwa nyuma yetu, kisha harufu ya kitu kinachoungua. Dereva akatazama kioo cha pembeni. Konda naye akatazama kioo cha pembeni. Haisi ilikuwa imefunua boneti, moshi unatoka, na abiria wake wote walikuwa wanapanda mlima kwa miguu kutufuata, mizigo kichwani.

Tulisimama kuwangoja. Konda alishuka, akazunguka bila haraka hadi upande wangu, akafungua mlango.

"Wewe wa keki," alisema, "pisha hapo, kapande nyuma."