Sindano na Maradhi Yake

«Mheshimiwa Mshauri, nina mifarishi mitatu na hapana hata mmoja uliokwisha. Kila nikifika nusu, jirani huniletea habari ya mshono mwingine, mikono ikaniwasha. Mume wangu adai nimepagawa. — Mama Viraka, Muthara.»

Bibi mtukufu, maradhi haya nimeyachunguza, na yakini yangu ni kwamba mgonjwa hastahili kutibiwa bali kuongezewa kipimo. Kwani yule ambaye, hali ameizoea bandi ndefu ya kushikizia, asikiapo kuwa iko bandi fupi iwezayo kuzibana tabaka mbili za nguo pamoja na sufi iliyo kati yake isihame wala isijikusanye pembeni, akaweza kulala usiku huo asiinuke kutafuta sindano, huyo ndiye nimhofiaye. Basi anza wa nne. Jaribu ushonaji wa Wasiddi wa Karnataka, Bara Hindi, ambao wazee wao walitoka Afrika ya Mashariki, wengi wao wakiwa watumwa. Mfarishi wao, kawandi, hauanzi katikati: mshonaji hutandika kitambaa kizima, aghalabu sari kuukuu, akaanzia ukingoni, kiraka baada ya kiraka, akikunja pindo la kila kimoja kwa vidole na kuzunguka kwa mistari ya bandi hata awasili katikati, kisha kila pembe hutiwa kijiraka kilichokunjwa mfano wa ua, kwani mfarishi usio nacho, wasema, uko uchi. Tena njia hii ina faida ambayo mumeo hajaitambua: ukiiacha kazi njiani, kitambaa cha chini ni kizima tangu siku ya kwanza, na baridi ya milima ya Nyambene haiulizi viraka vimeishia wapi.

«Mshauri, mimi ni mkulima wa miraa, mtu wa makamo. Nimeanza kudarizi kwa siri, nami nafurahi mno, walakini nachelea wazee wa Njuri Ncheke wasije wakanitoza mbuzi. — Msiri.»

Mzee wangu, wazee wale wa baraza la Wameru wana mashauri ya ardhi ya kuamua. Sidhani wamepata wasaa wa kukagua subana. Na wakikuita, watajie Lamu, ambako wanaume hukaa barazani wakidarizi kofia za viua, kila kijitundu kikitobolewa na kuzungushiwa uzi ukingoni mwake, mpaka nakshi itimie. Vidole vilivyozoea kufunga miraa kwa ukambaa wa mgomba havitashindwa. Kiua chako cha kwanza kitafanana na jicho la mtu aliyekesha, endelea.

«Nilijaribu mkato mpya, kumbe leso ile ni ya mavyaa. — Mkaza Mwana.»

Ikamilishe iwe mto kabla hajarudi kutoka sokoni, umkabidhi kwa taadhima. Ila kwanza soma maandishi yake: yakiwa yanawasema wakaza wana, yageuzie upande wa ndani.